Jiko la Viwili Viwili

Kitu cha kwanza ambacho mgeni alikiona alipochungulia dirisha la jiko lile hakikuwa chakula. Ulikuwa ukuta. Juu ya meza ya kukatia mboga, vyombo vilining'inia kwenye misumari viwili viwili, kama wanafunzi walioambiwa washikane mikono kabla ya kuvuka barabara: kikaango na kikaango, chujio na chujio, upawa na upawa, kisu na kisu, mwiko na mwiko. Aliyetazama haraka alidhani mwenye jiko ana ugonjwa wa kununua. Aliyetazama kwa utulivu aligundua kwamba vyombo vile havikufanana hata kidogo. Mwiko mmoja ulikuwa umelika ncha upande wa kushoto na mwenzake umelika upande wa kulia. Upawa mmoja ulikuwa na mdomo wa kumiminia upande huu, mwingine upande ule.

Mwenye jiko watu walimwita Mama Mbilimbili. Wateja wapya waliposikia jina hilo walimuuliza mapacha wake wako darasa la ngapi, naye alijibu bila kucheka, "Mmoja yuko kwenye maharage. Mwingine nimemwosha sasa hivi."

Watoto hakuwa nao. Alikuwa na mume, na vyombo vile vilikuwa vya wawili hao: vya kulia ni vya bwana, vya kushoto ni vyake.

Walikutana katika kantini ya kiwanda cha nguo. Yeye alikuwa msichana mgeni wa kazi, mwenye mashavu na aibu, na bwana alikuwa mpishi mkuu, mrefu, mkimya, ambaye wenzake walisema anapenda mwiko wake kuliko ndugu zake. Siku moja mpishi huyo aliuinua mwiko kwenye mwanga, akaupitisha kidole ukingoni, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Nani amekuwa akiutumia huu?"

Msichana akasema, "Mimi."

"Unakorogea mkono gani?"

Akainua wa kushoto. Wapishi wakaangua kicheko, mmoja akasema ndiyo maana mchuzi siku hizi unazunguka kinyumenyume. Mpishi mkuu hakucheka. Kesho yake alikuja na mwiko mpya umefungwa kwenye gazeti, akauweka mbele ya msichana. "Huu ni wako," akamwambia. "Wangu usiuguse. Na mimi wako sitaugusa."

Wapo wanaochumbiwa kwa pete. Mama Mbilimbili alipenda kusema kwamba yeye alichumbiwa kwa mwiko na onyo.

Baada ya mwiko kikafuata kisu, kwa sababu kisu kinachonolewa na mtu wa kulia huinamia upande mmoja, na mtu wa kushoto akikitumia hukata vitunguu vinene huku vyembamba kule. Kikafuata upawa wenye mdomo upande wake. Kikaango na chujio havikuwa na kulia wala kushoto, lakini kufikia hapo ilikuwa imekwisha kuwa desturi, na desturi ikishaota mizizi haiulizwi sababu. Walipooana, vyombo vilihamia nao. Kantini ilipofungwa, walifungua jiko la nyumbani, wakawa wanapika chakula cha mchana kwa ajili ya watu wa ofisi na karakana za mtaa ule: wali, maharage, mboga za majani, na nyama siku ambazo nyama ilipatikana.

Walisimama jikoni bega kwa bega, bibi kushoto na bwana kulia. Mikono yao yenye kazi ilikuwa nje, ina nafasi ya kuzunguka, na mabega yao yasiyo na kazi yaligusana katikati. Hawakuwahi kugongana viwiko. Wateja waliokuja mapema waliwakuta hivyo, migongo miwili mbele ya moto, hawasemezani, na kati yao hapapiti hata unyuzi.

Kila mmoja alitunza vyake. Mti haulowekwi majini. Huoshwa, hufutwa, husimamishwa ukauke, na mara kwa mara hupakwa mafuta kidogo kwa kitambaa. Kikaango cha chuma hukaushwa motoni, kisha kikapakwa mafuta kingali na joto. Kisu hunolewa na mwenyewe, kwenye jiwe lake. Kuazimana hakukuwapo. Mwaka hadi mwaka ile miiko ikaendelea kulika, huu huku, huu kule, kiasi kwamba mtu angeweza kuishika gizani na kujua upi ni wa nani.

Kisha kiharusi kikaja asubuhi ya siku ya kawaida kabisa. Bibi alisikia mkorogo wa mwenzake umesimama. Akadhani anaonja. Alipogeuka alimwona ameutazama mkono wake wa kulia kama mtu anayemtazama mtoto aliyekataa kutumwa, na mdomo umepinda upande mmoja, na maneno yanatoka bila mifupa.

Alirudi kutoka hospitali akiwa hai, na kwa hilo walishukuru. Lakini mkono wa kulia ulilala juu ya shuka kama kitu kilichosahauliwa na mgeni. Alizungumza kwa shida, neno baada ya neno, na kwa kuwa tangu ujana hakuwa msemaji, sasa alichagua maneno machache zaidi. Dada yake mdogo alihamia pale nyumbani kusaidia. Huyu alikuwa mwanamke wa maneno mengi, mcheshi, aliyeamini kwamba huzuni ikizomewa hukimbia.

"Wifi," alimwambia Mama Mbilimbili siku ya kwanza, "kaka yangu nilikuazima tu. Naona umemtumia mpaka upande mmoja umekwisha."

Mama Mbilimbili alicheka, kisha akalia, kisha akaenda kuosha vyombo.

Sasa aliosha vya watu wawili. Alijua kwamba mwiko usiotumika hukauka ukapasuka, na chuma kisichoona moto hushika kutu, kwa hiyo hakuvunja onyo la zamani kwa wepesi. Alilivunja kwa kuwa hakuwa na njia nyingine. Kila alipomaliza chakula cha wateja, alitenga sufuria ndogo, akashika mwiko wa mumewe kwa mkono wa kulia, mkono wake mjinga, akakoroga kwa namna ambayo mumewe angekoroga, ili mti usisahau. Mchuzi uliruka mpaka ukutani.

"Wifi, unapika au unafukuza nzi?" dada mtu aliuliza.

"Nautunza."

"Ungekuwa unanitunza mimi hivyo ningekuwa nimenenepa."

Mtaalamu wa mazoezi alikuja nyumbani, kijana mwenye viatu safi na sauti ya upole. Aliushika mkono wa mgonjwa, akamwambia afumbe macho, akamgusa kidole kimoja kimoja. Kisha akazungumza na bibi ukumbini. Mkono ule, alisema, bado una uhai, vidole vinasikia. Ila vikiachwa vimelala vitajikunja, na vikijikunja vikazoea, hakuna atakayevikunjua. Lazima kila siku vinyooshwe, vishike mpira huu mdogo, vijaribu. "Na wakati huohuo," akaongeza akifunga mkoba wake, "mkono wa kushoto ujifunze kazi ndogondogo, asijione hana faida."

Katika maneno yote yale Mama Mbilimbili aliondoka na ya mwisho.

Aliyafikiria huku anachambua mchele. Mkono wa kushoto ujifunze. Nani katika dunia hii aliujua mkono wa kushoto kuliko yeye? Angempa vyombo vyake mwenyewe, lakini alimjua mume wake: asingevigusa, maana alikwisha sema hatavigusa. Hapo ndipo wazo likamjia, na lilimjia likiwa limevaa nguo nzuri, kama mawazo mabaya yanavyopenda kuja. Atavigeuza vya mumewe. Mwiko uleule, kisu kilekile, vitu vyenye jasho lake, ila sasa vitamfaa mkono alio nao.

Kisu alikipeleka kwa mnoa visu, kikahamishwa ukali upande wa pili. Mwiko aliupeleka kwa fundi seremala wa mtaa wa nyuma, mteja wake wa maharage.

Fundi aliugeuzageuza mwiko ule, akapuliza vumbi juu yake ingawa haukuwa na vumbi. "Mama, hapa pamelika kwa mkono wa mtu. Hii si kazi ya randa."

"Najua. Nataka upande wa pili uchongwe, ulingane na mtu wa kushoto."

"Mti haurudi, Mama."

"Nina hakika, fundi. Chonga."

Akachonga. Maganda membamba yakaanguka sakafuni, na Mama Mbilimbili akayatazama kwa furaha. Njia nzima ya kurudi alikuwa akitabasamu peke yake.

Alivipanga vile vyombo kwenye sinia juu ya kitambaa safi, akaliweka sinia mapajani mwa mumewe. "Mwenzangu," akamwambia, maana ndivyo walivyoitana, "tazama."

Bwana alitazama. Kwa mkono wa kushoto aliushika mwiko wake, akapitisha kidole gumba ukingoni, pale ambapo kwa miaka yote kidole chake kilikuta ukingo mzima. Kilikuta mteremko mpya, laini, mweupe kama mfupa. Alikaa nao muda mrefu. Mkewe, bado na tabasamu, alianza kueleza habari za mtaalamu.

"Umeuzika," bwana akasema.

"Nimefanya nini?"

"Mkono wangu." Akapumua, akalitafuta neno linalofuata. "Umeuzika... kama maiti. Na mimi... bado ninao."

Akauweka mwiko kwenye sinia taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu, akageuza uso ukutani.

Tangu siku hiyo hakushika mpira. Mtaalamu aliuweka kiganjani mwake, nao ukabingirika sakafuni, na mgonjwa hakuusindikiza hata kwa macho. Alipoletewa chakula alikula kwa mkono wa kushoto akiwa ameelekea ukuta. Kwa mkewe alikuwa na maneno mawili tu, "ndiyo" na "nimeshiba". Vidole vya mkono wa kulia vikaanza kukunjana polepole, kama jani linalokauka. Mtaalamu aliviona, akatikisa kichwa. "Anayeweza kuuokoa mkono huu ni yeye," alisema. "Na muda hautusubiri."

"Wifi, ungeniuliza!" dada mtu alilalamika jikoni, safari hii bila mzaha.

"Ulikuwa umelala."

"Ungeniamsha! Kwa habari ya kupeleka mwiko wa kaka kunyolewa ningeamka hata kutoka kaburini."

"Nilitaka kumsaidia."

"Najua." Dada mtu akaketi kwenye ndoo iliyofudikizwa, akamtazama. "Najua, wifi. Lakini yeye alikuwa anangojea mkono urudi, na wewe, mtu pekee anayemwamini, ukamletea habari kwamba wewe huutazamii tena."

Maji yakimwagika hayazoleki, na Mama Mbilimbili ndiye aliyekuwa ameishika ndoo. Alirudi kwa fundi seremala na ule mwiko ndani ya kitambaa, akauliza kama kuna namna yoyote.

Fundi aliona haya kumtazama usoni. "Mama, hapa nina randa, nina msumeno, nina gundi. Miaka sina."

Kisha fundi akasema anacho kipande cha mti wa aina ileile. Angeweza kuchonga mwiko mpya na kuupunguza upande wa kushoto, ufanane na ule wa zamani. Bwana pengine hata asingetambua.

"Angetambua," Mama Mbilimbili akasema. "Nichongee. Ila usiupunguze popote. Niachie mzima."

"Mzima utamfaa nani sasa?"

"Utalika wenyewe jikoni."

Kuanzia hapo aliacha kukorogea mkono wa kushoto. Vyombo vyake mwenyewe alivipaka mafuta, akavining'iniza, akavifunika kwa kitambaa. Sufuria zote, kubwa na ndogo, sasa zilikorogwa kwa mwiko mpya na mkono wa kulia. Ilikuwa kazi ya kuchekesha na ya kutia huruma. Mkono ulichoka kabla maharage hayajaiva. Mvuke ulimbabua kifundo. Alipotaka kukwangua chini ya sufuria, mwiko ulikwenda kwingine kama punda aliyetambua kuwa anayemwongoza ni mgeni. Chakula kilianza kushika, na wateja, ambao kwa mapenzi walikuwa wamevumilia mengi, wakaanza kusema.

"Mama Mbilimbili," alisema karani mmoja dirishani, sahani mkononi, "leo wali umeungua na maharage yameungua. Kweli wewe kila kitu viwili viwili."

Foleni nzima ikacheka. Mama Mbilimbili naye akacheka, akacheka mpaka ikabidi afunge dirisha, na karani akabaki nje akiuomba radhi ubao wa dirisha.

Alijua hesabu ya mti. Mwiko wa mumewe ulikuwa umelika kwa nusu ya maisha ya mtu. Huu mpya, baada ya kazi yote hiyo, ulikuwa umepoteza labda unene wa kucha. Wakati mwingine aliuinua kwenye mwanga, akautafuta ule mteremko, asiuone, akaurudisha sufuriani. Hakuwa akimtengenezea mumewe chombo. Hilo alikwisha kulielewa. Alikuwa akisema jambo kwa njia pekee iliyobaki, kwa kuwa maneno yake hayakuwa na mahali pa kuingilia.

Chumba cha mgonjwa kilipakana na jiko, na ukuta ulikuwa mwembamba. Bwana alilala akisikia. Mtu aliyepika maisha yake yote hahitaji kuona. Alijua mlio wa mkewe, mwepesi, wa haraka, wa mviringo. Huu aliokuwa akiusikia haukuwa wa mkewe wala wa dada yake: ulikwangua, ukasita, ukakwangua, ukagonga ukingo.

"Nani... anakoroga?" alimuuliza dada yake alasiri moja.

"Mkeo."

"Siyo yeye."

"Ni yeye. Kwa mkono wa kulia. Kwa nini, kamuulize mwenyewe, mimi nimechoka kufuta sakafu."

Bwana alitega sikio tena. Kisha akasema, "Mwite."

Mama Mbilimbili aliingia akijifuta mikono, akasimama karibu na mlango kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Unakoroga vibaya," mumewe akamwambia.

"Najua."

"Kiwiko. Unakikaza."

"Sijioni. Ningekuwa na mtu wa kuniambia ningekilegeza."

Bwana akamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu siku ya sinia, na aliona kifundo cha mkono kilichobabuka, na kitambaa alichokuwa amekizungushia. "Ule mwiko. Wa nani?"

"Wako. Bado haujawa wako. Nimeanza tu."

"Utachukua miaka."

"Najua."

"Kwa kiwiko hicho... utauharibu kabla."

Mkewe alisogea hatua moja kutoka mlangoni. "Mwenzangu," akasema, "nilidhani nakusaidia."

"Najua." Alilitafuta neno, na ilionekana linamgharimu. "Ndiyo maana... iliniuma."

Mkewe aliketi ukingoni mwa kitanda. Nje, dada mtu alikuwa akigombana na kuku wa jirani. Baada ya kitambo bwana akasema, "Ule mpira."

Ulikuwa umebingirika chini ya kabati, umejaa vumbi. Mama Mbilimbili alipiga magoti, akautoa, akaupangusa kwa gauni lake, akauweka kwenye kiganja kile kilichoanza kujikunja. Wakautazama wote wawili. Vidole havikutenda kitu. Jasho likamtoka bwana kwenye paji la uso. Halafu kidole cha kati na kile cha pembeni yake vikasogea kidogo, vikaugusa mpira kama vinavyouliza njia, vikaishia hapo. Mpira ukaanguka. Machozi yakamtoka bwana, naye hakuwa na mkono wa kuyafuta kwa haraka, kwa sababu mkono wake mzima ulikuwa umeshikwa na mkewe.

"Pengine... hautarudi," alisema.

"Pengine."

"Usiseme utarudi."

"Sisemi. Nangojea tu."

Bwana akafumba macho. Mkewe alipokwisha kusimama na kufika mlangoni, akamsikia nyuma yake: "Kesho. Weka kiti jikoni. Nije... nikione hicho kiwiko."

Asubuhi Mama Mbilimbili aliwahi kuwasha moto. Kiti alikiweka, akakihamisha, akakihamisha tena, mpaka dada mtu akamwuliza kama anapanga harusi. Aliinjika maharage. Aliushika mwiko mpya kwa mkono wa kulia, akasimama mbele ya sufuria kama mwanafunzi anayengoja kuitwa ubaoni.

Chumbani kitanda kililia. Kukawa kimya. Kisha akasikia fimbo ikigusa sakafu, na mguu mmoja ukikanyaga, na mwingine ukiburutwa. Fimbo, mguu, mburuto. Katikati ya ukumbi sauti ikasimama. Alisikia pumzi nzito. Alitamani kukimbia akamshike, na miguu yake ilikwisha kuanza, lakini aliizuia. Hakugeuza hata shingo.

"Taratibu, kaka," sauti ya dada mtu ikasema. "Mlango hauhami."

Maharage yalikuwa yameanza kuchemka. Mama Mbilimbili alilegeza kiwiko kadiri alivyoweza, akakoroga, akatega sikio. Ukumbini fimbo ikagusa sakafu tena.